Nimepewa ofa ya kuuza televisheni aliyoniachia baba: nipokee hisa au nidai taslimu?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Baba alianzisha televisheni ndogo ya kebo hapa Iringa. Alifariki miaka miwili iliyopita na sasa ninaiendesha mimi pamoja na wafanyakazi 11. Kuna kampuni kubwa ya Dar inataka kununua asilimia 70. Wanasema asilimia hizo zina thamani ya shilingi milioni 600, ila watanipa taslimu milioni 150, na milioni 450 zilizobaki watanilipa kwa hisa za kampuni yao. Mimi nitabaki mkurugenzi mtendaji. Kaka yangu ananiambia nikubali haraka, maana hata Ted Turner wa CNN aliuza kwa hisa akawa bilionea. Je, kaka yuko sahihi? Na hizo asilimia 30 nitakazobaki nazo zitanipa sauti? Wanataka jibu mwisho wa mwezi."

Jibu:

Marahaba dada, na pole sana kwa kumpoteza mzee.

Kaka yako amechagua mfano mzuri, ila ameusimulia nusu. Ni kweli Turner aliuza kwa hisa. Lakini utajiri wake aliujenga kabla ya kuuza, usemi ndani ya kampuni yake aliupoteza miaka tisa kabla ya kuuza, na hisa alizolipwa ziliporomoka zikiwa bado mkononi mwake. Naomba unipe nafasi nikusimulie kisa chote, kwa sababu maswali yako mawili yana majibu humo ndani, kisha turudi Iringa kwenye karatasi zako.

Turner naye alirithi. Baba yake alikuwa na kampuni ya mabango ya matangazo ya barabarani kusini mwa Marekani. Alikopa sana kuipanua, hofu ikamshinda, akakubali kuuza sehemu kubwa aliyokuwa ameinunua, na Machi 1963 akajitoa uhai. Kijana alikuwa na miaka 24. Kila mtu alitarajia akamilishe mauzo yale atulie. Yeye akayapinga, akapigana mpaka mali ikarudi. Nakueleza hili kwa sababu najua mtu aliyefiwa anavyoshinikizwa: kila anayekuja na ofa anaonekana kama amekuja kukutua mzigo.

Mwaka 1970 alinunua kituo kidogo cha televisheni pale Atlanta, chaneli 17, kilichokuwa kikipata hasara. Thamani ya biashara ile ilikuwa kama dola milioni 2.5, na hakutoa pesa taslimu. Alibadilishana hisa. Wenye kituo walipokea hisa za kampuni yake ya mabango, naye akachukua kituo. Shika hapo kwanza, tutarudi.

Hasara ile ilikuwa na sababu. Chaneli 17 ilikuwa kwenye masafa ya UHF, na televisheni nyingi za wakati ule zilipokea vizuri masafa ya VHF tu, ambako vilikuwa vituo vikubwa vilivyounganishwa na mitandao ya kitaifa. Kuipata chaneli 17 ulihitaji antena nyingine, kile kiwaya cha duara kinachofungwa nyuma ya televisheni, halafu unazungusha kitufe polepole kama mtu anayetafuta redio ya mbali usiku. Picha ikija ina chenga. Watangazaji wa biashara waliuliza: nani ataangalia kitu hiki? Inasimuliwa kwamba Turner aliwajibu kuwa watazamaji wake wana akili kuliko wa wengine, kwa sababu mjinga hawezi kuitafuta chaneli yake akaipata.

Alichofanya pale ndicho ninachotaka ukitazame kwa jicho la biashara. Mabango yake yaliyokosa wateja aliyatumia kuitangaza chaneli, bila gharama ya ziada. Alitafuta filamu za zamani, na kila alipoweza alizinunua moja kwa moja badala ya kuzikodi, ili azirushe mara nyingi kadiri apendavyo. Alirusha mieleka, na vipindi vya zamani ambavyo vituo vikubwa vilikuwa vimechoka navyo. Jioni, saa ambayo wakubwa wote walikuwa kwenye taarifa ya habari, yeye aliweka burudani, akawachukua wale wasiotaka habari. Taarifa yake mwenyewe aliisukumia usiku wa manane, saa ambayo mji umelala. Huyu ndiye aliyekuja kuanzisha chaneli ya habari ya saa 24.

Kisha akachukua haki za kurusha mechi za timu ya besiboli ya Atlanta Braves, na mwaka 1976 akainunua timu yenyewe kwa malipo ya awamu. Hakununua timu kwa mapenzi ya mchezo peke yake. Alijua kwamba timu ikihama au ikimpa mwingine haki za matangazo, kituo chake kinakufa. Baba yako bila shaka aliijua hesabu hii kwa namna yake: kile kinachowafanya watu wa Iringa wafungue chaneli yenu, mkimiliki nyinyi au anamiliki mtu mwingine?

Sasa kuna satelaiti. Septemba 1975 HBO, chaneli ya kulipia ya kebo, ilirusha kwa satelaiti pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier la kule Manila, likaonekana moja kwa moja kwenye mifumo ya kebo ya mbali. Turner akaona papo hapo kwamba kituo cha mji mmoja kinaweza kuonekana nchi nzima. Tarehe 17 Desemba 1976 mawimbi ya chaneli 17 yalipanda kwenye satelaiti ya Satcom 1 na kushuka kwenye mifumo minne tu ya kebo: Grand Island huko Nebraska, Newport News huko Virginia, Troy huko Alabama na Newton huko Kansas. Miji minne, ambayo wengi hata huko Marekani wangehitaji ramani kuiona.

Hapa kuna jambo dogo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Kanuni za Marekani hazikumruhusu mwenye kituo awe yeye mwenyewe msafirishaji wa mawimbi yake kwa satelaiti. Turner alikuwa ameshaunda kampuni ya kazi hiyo. Akaiuza kwa mtu mwingine kwa dola 1. Kampuni ile ndiyo iliyowatoza wenye kebo senti 10 kwa mwezi kwa kila mteja. Turner hakuchukua hata senti katika hizo. Yeye alichotaka ni idadi ya macho, kwa sababu bei ya tangazo hupanda na idadi ya watazamaji, na watazamaji wake sasa hawakuwa wa Atlanta pekee.

Ila angalia gharama yake. Kuanzia siku ile, mtazamaji wa Turner alimfikia kupitia waya wa mtu mwingine. Mwenye waya akiamua kuiondoa chaneli, Turner hana pa kwenda.

Sisi tunalijua hili vizuri. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na kuanzia hapo kituo kilichokuwa na mnara wake kikaanza kumtegemea mwenye leseni ya kusafirisha matangazo ya dijitali na kisimbuzi kilichopo sebuleni kwa mteja. Agosti 2018 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilipovitaka visimbuzi vya kulipia vya satelaiti viondoe chaneli za bure, vituo vilivyokuwa na watazamaji nchi nzima vilipoteza nyumba nyingi kwa siku chache, ingawa studio zao ziliendelea kuwaka taa na mishahara ikaendelea kudaiwa. Kwa hiyo kabla hujaangalia milioni 600, uliza wanunuzi wako wana nini ambacho wewe huna. Kama wana njia ya kuwafikia watazamaji, hiyo ina thamani ya kweli kwako. Kama wana jina na ofisi nzuri tu, ni habari nyingine.

Nitapita haraka kwenye CNN, kwa kuwa hadithi yake inajulikana. Turner alipata pesa ya kuianzisha kwa kuuza kituo chake kingine kidogo cha Charlotte, North Carolina, kwa kampuni ya Westinghouse kwa dola milioni 20. CNN ilianza tarehe 1 Juni 1980 ikiwa na nyumba kama milioni 1.7, na ilikuwa inakula pesa kila mwezi. Mwaka 1982 Westinghouse hao hao, wakishirikiana na mtandao wa televisheni wa ABC, walianzisha chaneli ya habari kushindana naye. Mwaka uliofuata Turner aliinunua kwa dola milioni 25 akaizima. Afrika Mashariki tulikutana na CNN kwa njia ya pembeni: kituo cha televisheni cha KTN kilipoanza Nairobi mwaka 1990 kilikuwa kikirusha matangazo ya CNN, na vita vya Ghuba vilipolipuka Januari 1991 wenye televisheni Nairobi waliona Baghdad ikipigwa mabomu usiku ule ule. Chaneli iliyodharauliwa miaka 10 nyuma ilikuwa ndiyo inaangaliwa na marais.

Lakini kufikia 1991 Turner hakuwa tena na kampuni yake peke yake. Hapa ndipo kaka yako aliporuka.

Mwaka 1985 Turner alijaribu kuinunua CBS, moja ya mitandao mikubwa mitatu ya nchi, kwa hati za madeni bila taslimu. CBS ikajikinga kwa kununua hisa zake yenyewe kwa karibu dola bilioni moja. Akageukia studio za filamu za MGM. Akazinunua mwaka 1986 kwa takriban dola bilioni 1.5, pesa ambayo hakuwa nayo. Ndani ya miezi michache alilazimika kuuza karibu kila kitu, ikiwemo nembo na viwanja vya studio, akabaki na stoo ya filamu za zamani zaidi ya 3,000. Watu walimcheka. Mimi nadhani kwa upande wa mali hakukosea: filamu zile ndizo zilizokuja kulisha chaneli ya TNT mwaka 1988. Alichokosea ni deni. Lilikuwa zito kiasi kwamba riba pekee ilitosha kumzamisha.

Mwaka 1987 waokoaji wakaja. Ni nani? Wenye waya. Kampuni za kebo 31, zikiongozwa na kampuni iitwayo TCI, pamoja na kampuni ya habari ya Time, walitoa zaidi ya dola milioni 500 na kuchukua zaidi ya theluthi moja ya kampuni. Turner alibaki na kura nyingi kuliko mtu yeyote, na alibaki mwenyekiti. Magazeti yaliandika kwamba amenusurika. Kwenye karatasi ilikuwa kweli.

Sasa tusome kilichoandikwa ndani ya mkataba. Bodi ilikuwa na wakurugenzi 15, na wenye kebo walipata viti 7. Kisha kikaongezwa kipengele kimoja: matumizi yoyote makubwa yaliyo nje ya bajeti, kuanzia dola milioni 2, lazima yapate kura 12 kati ya 15. Piga hesabu mwenyewe. Turner na watu wake ni 8. Ili afike 12 anahitaji kura 4 za upande wa pili. Kwa hiyo mwenye kura nyingi kabisa kwenye kampuni hawezi kununua kitu chochote kikubwa mpaka wakubali watu ambao baadhi yao ni washindani wake. Miaka ya 90 alipotaka sana kuinunua NBC, mtandao mwingine mkubwa wa televisheni, Time Warner (ndiyo ile Time baada ya kuungana na Warner) walimzuia, na hakuwa na la kufanya. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti, ofisi ni yake, jina la kampuni ni lake, na hawezi.

Ndiyo maana nasema Turner hakuipoteza kampuni yake mwaka 1996. Aliipoteza 1987, siku aliyoweka saini kwenye kipengele cha kura 12. Kilichofuata kilikuwa ni kuhalalisha hali iliyokuwepo.

Nikujibu basi swali lako la pili. Asilimia 30 katika sheria yetu ya makampuni si kitu kidogo. Maamuzi mazito, kwa mfano kubadilisha katiba ya kampuni, ile mnayoiita memati, yanahitaji azimio maalumu lenye kura zisizopungua robo tatu. Wao wakiwa na 70 hawafiki 75 bila wewe. Una uwezo wa kuzuia. Lakini uwezo huo una mlango wa nyuma. Tuseme kampuni ina hisa 1,000 na wewe una 300. Mwaka kesho bodi, ambayo wengi ni wao, inasema mtambo unahitaji mtaji, inatoa hisa mpya 500 na kuwauliza wanahisa nani anunue. Wewe pesa huna, wao wanayo. Hisa zimekuwa 1,500, zako ni 300 zile zile. Sasa una asilimia 20. Uwezo wa kuzuia umekwisha, na hakuna aliyevunja sheria wala kukuibia kitu.

Kwa hiyo asilimia peke yake haikupi sauti. Sauti utaipata kwenye mkataba wa wanahisa, na mambo yake ya lazima ni haya: hisa mpya zisitolewe bila ridhaa yako ya maandishi, uwe na haki ya kuteua angalau mkurugenzi mmoja wa bodi hata hisa zako zikipungua, na kuwe na orodha fupi ya mambo yasiyofanyika bila wewe, mfano kuuza mitambo, kukopa kwa kuweka leseni au vifaa kuwa dhamana, na kubadilisha jina la kituo. Kile kipengele cha kura 12 walichomwekea Turner, wewe kidai kiwe upande wako. Mwenye hisa chache ndiye anayekihitaji. Hiyo nafasi ya mkurugenzi mtendaji isikupumbaze. Bila mkataba wa ajira wenye muda maalumu na fidia iliyoandikwa, bodi inakuondoa kwa kikao kimoja.

Turudi kwa Turner. Septemba 1995 Time Warner walitangaza kuichukua kampuni yote kwa hisa, kama dola bilioni 7.5. Kila aliyekuwa na hisa moja ya Turner alipewa robo tatu ya hisa ya Time Warner. Mamlaka za ushindani ziliuchunguza mpango kwa mwaka mzima, zikailazimisha TCI kupunguza nguvu zake ndani ya kampuni mpya, na mauzo yakakamilika tarehe 10 Oktoba 1996. Turner akawa makamu mwenyekiti na mwenye hisa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote binafsi, kama sehemu moja ya kumi. Hisa zikapanda. Septemba 1997 aliahidi dola bilioni 1 kwa kazi za Umoja wa Mataifa, kwa hisa zile zile. Kama hadithi ingeishia hapo, kaka yako angekuwa sahihi kabisa.

Januari 2000 mwenyekiti wa Time Warner, Gerald Levin, akakubali kampuni iunganishwe na AOL, kampuni ya intaneti ambayo bei ya hisa zake ilikuwa imepaa kuliko biashara yake. Watu wa AOL wapate asilimia 55, watu wa Time Warner 45. Malipo? Hisa. Turner alipiga kura ya ndiyo kwa hisa zake, kwa furaha, hadharani. Miezi michache baadaye, hata kabla muungano haujakamilika, aliarifiwa kwamba hatasimamia tena chaneli alizozianzisha. Muungano ulikamilika Januari 2001, hisa ikiuzwa zaidi ya dola 40. Julai 2002 ilikuwa chini ya dola 10. Kwa mwaka ule wa 2002 kampuni ilitangaza hasara ya dola bilioni 98.7, kubwa kuliko iliyowahi kutangazwa na kampuni yoyote ya Marekani hadi wakati huo. Turner alipoteza mabilioni, na mwaka 2003 akaachia umakamu mwenyekiti.

Sasa kumbuka nilichokuomba ushike. Mwaka 1970 Turner alinunua kituo kwa kutoa hisa zake, na waliozipokea walikuwa wanamnunua Turner: akifanya vizuri watanufaika, akianguka wanaanguka naye. Mwaka 1996 na 2001 mambo yaligeuka, yeye ndiye aliyepokea. Anayelipwa kwa hisa hajamaliza kuuza. Ametoa kitu anachokijua ndani nje, akanunua kitu anachokijua kwa kusimuliwa. Katika ofa yako, robo moja ya bei ndiyo mauzo. Robo tatu, yaani zile milioni 450, ni wewe unanunua kampuni ya Dar. Kwa hiyo lazima uichunguze kama vile ungeenda dukani na milioni 450 zako kwenye mkoba.

Tena hali yako ni ngumu kuliko ya Turner. Hisa zake ziliuzwa sokoni New York kila siku. Angetaka kutoka, angeuza asubuhi jioni ana pesa. Hao wanunuzi wako, je, wameorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam? Kama hawajaorodheshwa, zile milioni 450 ni namba waliyoiandika wao. Huwezi kulipia ada ya mtoto kwa namba ile. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi pekee anaweza kuwa wao, na bei watapanga wao.

Nimewahi kuitwa na mzee mmoja, mwenye kituo kidogo, mkoa sitautaja. Alikuwa ameshasaini. Alinionyesha cheti cha hisa, kizuri, chenye muhuri mwekundu, amekiweka kwenye bahasha ya plastiki pamoja na hati ya nyumba. Miaka mitatu ameshika cheti kile, gawio hata shilingi moja hajaliona, na kila akipiga simu anaambiwa kampuni inawekeza kwanza. Tulipoenda kufuatilia tukakuta walionunua walikuwa na deni kubwa la benki siku ile ile walipomlipa kwa hisa. Taarifa ya deni ilikuwepo kwenye hesabu zilizokaguliwa. Hakuna aliyemwambia azidai, na yeye aliona haya kuwauliza watu waliokuja na magari mazuri hali ya mifuko yao. Alilia mbele yangu, mtu mzima. Sijamsahau, na ndiyo sababu jibu langu kwako limekuwa refu hivi.

Usione haya, dada. Dai hesabu zao zilizokaguliwa za miaka mitatu, zenye saini ya mkaguzi. Tafuta kwa msajili wa makampuni, BRELA, uone wanahisa wao ni nani na kama mali zao zimewekwa rehani. Waulize deni lao ni kiasi gani, nani anawadai, na linatakiwa kulipwa lini. Uliza pia mara ya mwisho waliouziwa hisa zao walilipa bei gani taslimu, kwa sababu hiyo ndiyo bei, na nyingine ni makadirio tu. Kisha pendekeza ofa yako. Mimi ningegeuza namba zao: taslimu iwe sehemu kubwa, hisa iwe sehemu ndogo, na hizo hisa ziwe na haki ya wewe kuwarudishia baada ya miaka miwili kwa bei iliyoandikwa leo. Kama wanaamini kweli hisa zao zina thamani ya milioni 450, haki hiyo haitawaogopesha. Wakikataa kata kata, watakuwa wamekujibu. Mwite mhasibu pia aangalie kodi kabla hujasaini, kwa sababu kodi inadaiwa kwa pesa hata kama wewe ulilipwa hisa, na milioni 150 inaweza kupungua haraka.

La mwisho ni leseni. Watu huthamini kamera, kompyuta na nyaya, wakasahau karatasi moja iliyo kwenye fremu ukutani mapokezi. Umiliki wa kampuni yenye leseni haubadilishwi kienyeji. TCRA lazima iridhie, na mauzo yakizidi kiwango kilichowekwa Tume ya Ushindani nayo inahusika. Andika kwenye mkataba kwamba hakuna hisa inayohama na hakuna anayeingia studio kutoa amri mpaka ridhaa hizo zipatikane, na kwamba zisipopatikana unabaki na kituo chako na fidia ya muda uliopotea. Hata huo mwisho wa mwezi ni tarehe yao. Mwombe wakili wako aandike barua ya kuwataka nyaraka, na tarehe itasogea yenyewe.

Kama unadhani karatasi ile ni ndogo, sikia kilichoipata chaneli 17. Wakati kampuni ya simu ya AT&T wanajiandaa kuinunua Time Warner nzima, kituo kile cha Atlanta kilikuwa bado kimo ndani, kikiitwa WPCH, nacho ndicho kituo pekee cha kurusha matangazo hewani walichokuwa nacho. Leseni yake ingeupeleka mpango wote mbele ya tume ya mawasiliano ya Marekani. Basi mwaka 2017, kabla ya kufunga biashara ya dola bilioni zaidi ya 80, walikitoa kituo kile kando na kukiuza kwa kampuni ya Meredith kwa dola milioni 70.